Nani Ana Njia Bora za Baiskeli za Milimani? Somo kwa Wakazi Kabla ya Kutoa Maoni

Ukiwakuta waendesha baiskeli za milimani wamepumzika kwa chai, matope yakiwa yamewaganda miguuni, usiwaulize njia bora iko kaunti gani kama una haraka. Wa Nairobi atataja msitu wa Karura, takriban hekta 1,000 za miti ndani ya jiji, ambamo makutano ya njia yamewekewa nambari ili mgeni asipotee. Wa Kajiado atacheka na kusema huo ni uwanja wa watoto, twende Ngong ukaone upepo na kilele cha mita 2,460. Wa Nakuru ataleta Hell's Gate, mbuga ambayo mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli huku pundamilia na twiga wakimtazama. Wa Elgeyo Marakwet atauliza ni nani mwingine mwenye ukingo kama ule wa Iten, ambako ardhi inashuka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio. Wa Meru na Laikipia watasema Mlima Kenya hauhitaji wakili. Na wa Kiambu atanyamaza hadi mwisho, kisha aulize kwa upole: Chris Froome alifunzwa baiskeli wapi? Na hapo ana hoja, kwa maana Froome, mzaliwa wa Nairobi, alinolewa na David Kinjah kijijini karibu na mji wa Kikuyu miaka mingi kabla ya kushinda Tour de France mara nne.

Ubishi huo una utamu wake na hakuna haja ya kuuzima. Shida huanza unapoingia kwenye vikao vya kukusanya maoni ya umma. Hapo kila wodi huleta mlima wake. Mmoja anasema njia ijengwe kwao kwa sababu mlima wao ni mrefu, mwingine kwa sababu wao ndio walioanza kuendesha baiskeli huko, wa tatu kwa sababu mzungu fulani aliwahi kupita akapiga picha. Wakati huo kinachobishaniwa si fahari tena. Ni fedha za umma, ardhi, malisho, na udongo ambao ukishaondoka haurudi. Kwa hiyo ni vyema mkazi ajue kwanza jinsi ubishi wa namna hii ulivyokwenda mahali pengine, kisha ajue jinsi ya kuipima njia kwa macho na mikono yake mwenyewe.

Miji miwili, mzazi mmoja

Mchezo huu una miji miwili inayodai kuuzaa, yote nchini Marekani. Wa kwanza ni Fairfax, katika kaunti ya Marin, kaskazini mwa San Francisco. Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana wa huko walifanya mashindano ya kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu za magurudumu mapana, kwenye barabara ya vumbi ya wazima moto. Barabara hiyo inashuka takriban mita 400 kwa kilomita 3.4. Baiskeli zile zilikuwa na breki za kukanyaga pedali kinyumenyume, na kila zikifika chini, grisi ndani ya ekseli ilikuwa imeungua ikawa moshi. Ilibidi kitovu cha gurudumu kifunguliwe na kupakwa grisi upya, na kutokana na kazi hiyo mashindano yakaitwa Repack. Miongoni mwa walioshiriki walikuwa Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly. Mwaka uliofuata Breeze alianza kuunda baiskeli iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo, na mwaka 1979 Fisher na Kelly wakafungua biashara ya kuziuza.

Mji wa pili ni Crested Butte, jimbo la Colorado, mji wa zamani wa machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka huohuo wa 1976 wakazi wake walisukuma na kuendesha baiskeli zao kuukuu kupita Pearl Pass, pengo la milima lililo juu ya mita 3,800, hadi mji wa Aspen. Inasimuliwa kwamba walifanya hivyo kuwajibu waendesha pikipiki wa Aspen waliokuja kujishaua mjini kwao. Mwaka 1978 wale wa Marin walisafiri hadi Colorado na kuungana nao katika safari hiyo. Kwa hiyo miji hiyo ilishafahamiana na kushirikiana kabla ubishi haujakomaa.

Mwaka 1988 ukumbi wa kuwaenzi mashujaa wa mchezo huu ulianzishwa Crested Butte. Mwaka 2014 ukahamishwa kwenda Fairfax. Msomaji anaweza kudhani basi Marin ilishinda. Lakini tazama upande wa pili. Marin hiyohiyo, yenye jumba la makumbusho na majina makubwa, kwa miongo mingi ilifunga vijia vyake vingi vyembamba kwa baiskeli. Watembea kwa miguu na waendesha farasi walilalamika kuhusu mwendo wa kasi na udongo kuchimbuliwa, na mamlaka zikasikia. Baiskeli zikabaki kwenye barabara pana za vumbi, kikomo cha kasi kikawekwa maili 15 kwa saa, yaani kilomita 24 hivi, na maafisa wakawa wakipima waendeshaji kwa mashine ya rada kama polisi wa barabarani. Waendeshaji wa California walipoona njia zinafungwa moja baada ya nyingine waliunda chama cha kimataifa cha IMBA mwaka 1988, na sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa kufundisha watu kujenga njia ambazo majirani hawatataka zifungwe.

Yaani mahali palipodai kuwa nyumbani kwa mchezo ndipo mgeni alipokuta vibao vya kumkataza. Sifa ilikuwepo, jumba likaja, lakini ruhusa ya majirani ikapotea. Hili ndilo jambo la kuweka moyoni mtu anaposimama kikaoni kusema wao ndio waliotangulia.

Urefu wa mlima si hoja

Kilele cha juu kabisa Uingereza, Ben Nevis huko Scotland, kina mita 1,345. Jiji la Nairobi lenyewe liko juu kuliko hapo. Kilele cha juu cha Wales ni mita 1,085. Kwa vipimo vyetu, hivyo ni vilima. Hata hivyo katika miaka ya 1990, kwenye msitu wa serikali wa Coed-y-Brenin, Wales, mtunza msitu Dafydd Davis na watu wa kujitolea walijenga vijia vya baiskeli vilivyofanya msitu huo ujulikane Uingereza nzima. Wengi wanauhesabu kuwa kituo cha kwanza nchini humo kilichojengwa kwa ajili ya mchezo huu.

Mfano wa Scotland unatuhusu zaidi, kwa kuwa ni habari ya wafugaji. Mwaka 2001 ugonjwa wa midomo na miguu ulivamia mifugo ya Uingereza, na kusini mwa Scotland kukaumia vibaya. Ng'ombe na kondoo waliuawa kwa wingi, mashamba na misitu yakafungwa, na wageni wakakoma kuja. Katika juhudi za kufufua uchumi wa eneo hilo, misitu saba ambayo ingeweza kushindana iliwekwa chini ya jina moja, 7stanes, maana yake mawe saba. Kila msitu ukapewa jiwe lake la kuchongwa. Mgeni akiendesha Glentress leo anakumbushwa kwamba kuna mawe mengine sita hajayaona, na sababu ya kurudi anayo. Njia zote zina alama za rangi moja ya kusomeka: kijani kwa anayeanza, buluu kwa mwenye uzoefu kidogo, nyekundu kwa mzoefu, nyeusi kwa fundi. Anayejua kusoma rangi katika msitu mmoja anajua kusoma katika yote.

Kwetu, kaunti za North Rift tayari zina jumuiya yao ya kiuchumi, NOREB, na za Pwani zina yao. Mwendeshaji anayetoka Iten kushuka Kerio akiendelea mbele ataingia Baringo, na baiskeli yake haitajua imevuka mpaka. Kubishana ni upande upi wa bonde ulio bora ni kumwomba mgeni alale usiku mmoja badala ya mitatu.

Hata hivyo Wales inatuonya jambo moja. Mwisho wa Machi 2025 mkahawa na duka la kituo cha Coed-y-Brenin vilifungwa na shirika la serikali linalousimamia msitu, kwa sababu ya kubana matumizi. Vijia vilibaki wazi. Kituo kilichotangulia vingine nchini, chenye jina kubwa, kilikosa fedha za kulipa watu wa kuhudumu mezani. Anayeomba kujengewa njia aulize pia nani atalipa mwaka wa kumi.

Hakimu ni maji

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Njia ya baiskeli haiharibiwi hasa na magurudumu. Inaharibiwa na maji yanayopata mahali pa kukimbilia. Kijia kikiteremka moja kwa moja kutoka kileleni hadi chini, kama vile ng'ombe wenye kiu wanavyoshuka mtoni, kinageuka mfereji. Mvua za kwanza hufungua mstari mwembamba katikati, za pili hutoa mawe na mizizi, na baada ya misimu mitatu una korongo. Waendeshaji hawapiti tena katikati, wanapita pembeni, na njia ya nusu mita inakuwa ya mita tano. Wakazi wa miteremko yote ya kaunti wameyaona haya kwenye njia za kwenda kisimani.

Dawa yake wakulima wa Ukambani waliijua kabla ya baiskeli hizi kuzaliwa. Matuta ya fanya juu ya Machakos na Makueni hufuata kontua ili maji yapunguze mbio. Kijia kizuri cha baiskeli kina ukoo na tuta hilo. Kinazunguka mlima kwa ubavu, kinapanda au kushuka polepole, na maji yanakivuka badala ya kukifuata.

Wajenzi wa njia hutumia vipimo vinne. Cha kwanza huitwa kanuni ya nusu: mwinamo wa kijia usizidi nusu ya mwinamo wa mlima kinapopita. Mlima ukiwa na mwinamo wa asilimia 16, kijia kisizidi asilimia 8. Kikizidi, maji yataona ni rahisi kufuata kijia kuliko kukivuka. Cha pili, kwa wastani njia nzima isizidi asilimia 10, hata kama mlima ni mkali kiasi gani. Cha tatu, sakafu ya kijia iiname kidogo upande wa bonde, asilimia 5 hivi, ili maji yamwagike nje. Cha nne, kila baada ya hatua kadhaa kijia kinachoshuka kipande kidogo kisha kiendelee kushuka. Kijibonde hicho huyatoa nje maji yote yaliyokuwa yameanza kujikusanya, na kwa mwendeshaji ndicho kinacholeta raha ya kupanda na kushuka kama mawimbi.

Tumia vipimo hivyo kuipima Repack. Mita 400 kwa mita 3,400 ni karibu asilimia 12 kwa wastani, zaidi ya kiwango. Ndiyo maana breki ziliungua. Barabara hiyo ilikatwa ili wazima moto wapite, na hakuna aliyewaza baiskeli wala udongo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mlima usiokuwa mrefu unaweza kutoa safari ndefu. Kilima cha mita 100 tu, kikizungukwa kwa mwinamo wa asilimia 8, kinatoa kilomita 1.25 za kupanda na kilomita 1.25 za kushuka. Kwa hiyo wodi yenye kilima kifupi chenye udongo mgumu inaweza kuishinda wodi yenye mlima mrefu wa udongo mweusi unaonata, ule ambao ukilowa hujaa kwenye magurudumu hadi baiskeli inabebwa begani. Ardhi tambarare kabisa nayo si salama, kwa kuwa maji hayana pa kwenda na kijia kinakuwa kidimbwi.

Pima mwenyewe

Hauhitaji mtaalamu kutoka mbali. Chukua kamba ya mita 10, fimbo mbili na pima maji ndogo ya fundi ile inayoning'inizwa kwenye kamba. Mmoja asimame juu ya mteremko, kamba akiishika chini kabisa usawa wa ardhi. Mwingine ashuke hadi kamba ikaze, kisha ainue ncha yake kwenye fimbo hadi pima maji ionyeshe usawa. Pima urefu kutoka ardhini hadi kamba. Ikiwa ni mita 1.5, mwinamo ni asilimia 15. Pima mlima kwanza, ukielekea chini moja kwa moja. Kisha pima kijia. Linganisha na kanuni ya nusu. Wakulima wenye fremu ya umbo la A waliyotumia kupima matuta wanaweza kuitumia kutafuta kontua, kisha waruhusu kijia kishuke kidogo kutoka hapo.

Baada ya hapo rudi siku moja baada ya mvua kubwa. Tembea njia nzima. Hesabu ni mahali pangapi maji yamekimbia ndani ya kijia kwa zaidi ya hatua 20, na ni wapi yamevuka na kwenda zake. Wanafunzi wa shule ya upili wanaweza kuifanya kazi hii Jumamosi moja na kuchora ramani ambayo kikao chochote kitaiheshimu.

Anayepima asisahau usalama wake. Korongo linaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali ambako yeye hakuiona wala kuisikia. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla kwenye korongo la Hell's Gate yaliua wageni waliokuwa wakitembea humo pamoja na mwongozaji wao.

Wenye njia tangu zamani

Karibu kila kijia kinachopendekezwa kuwa cha baiskeli kina wenyewe tayari. Mama anapita hapo na kuni kichwani, hawezi kuruka pembeni. Mtoto anapeleka mbuzi. Mzee anakwenda kanisani au msikitini. Marin haikukosa milima. Ilikosa maelewano na watu wa namna hii.

Desturi zinazokubalika katika mchezo huu ni chache na rahisi. Baiskeli humpisha mtembea kwa miguu kila mara. Anayeshuka humpisha anayepanda. Mifugo ikija, mwendeshaji husimama, hushuka na kusubiri ipite, wala hapigi kengele katikati ya kundi. Njia ikilowa hufungwa, kwa sababu gurudumu linaloburuzwa kwenye tope kwa dakika moja linaacha mfereji wa msimu mzima. Penye watu wengi, hata desturi hizi hazitoshi, na ni afadhali kijia cha baiskeli kitengwe kabisa na cha miguu.

Nani aulizwe

Swali la mlima ni wa nani lina majibu tofauti, na kulikosea ndiko kunakoua mipango mingi. Mbuga za kitaifa ziko chini ya KWS. Misitu ya umma ya kitaifa iko chini ya KFS, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inazipa jamii jirani nafasi ya kushiriki kupitia vyama vyao vya misitu. Kwa njia inayopita msituni, chama hicho ndicho mlango wa kwanza wa kubisha. Shamba la mtu ni la mtu, na ruhusa ya mdomo ya baba inaweza kufutwa na mwana siku ya urithi, kwa hivyo iandikwe. Serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ina jukumu la utalii wa ndani ya kaunti, michezo na utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo na maji. Haina mamlaka ya kufungua njia ndani ya mbuga ya taifa, hata mwakilishi wa wodi akiahidi.

Mradi unaohitaji fedha za kaunti hupitia kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka uwasilishwe kwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Pendekezo linaloletwa Novemba kwa kelele kubwa limechelewa kwa mwaka huo.

Pendekezo la njia ya baiskeli linaloweza kujadiliwa kwa dhati lina ramani ya mkono inayoonyesha kijia na vipimo vya mwinamo, picha zilizopigwa kabla na baada ya mvua, majina ya vikundi vinavyotumia njia hiyo sasa na walichosema, idhini ya mwenye ardhi au chama cha msitu, na maelezo ya nani atashika jembe kila baada ya masika na vuli. Wodi mbili zinazopakana zikileta ramani moja inayovuka mpaka wao, kamati italazimika kuzisikiliza pamoja. Mkazi asiyeweza kufika kikaoni anaweza kuwasilisha maoni yake kwa maandishi, kwa Kiswahili au lugha anayoiweza, katika ofisi ya msimamizi wa wodi yake.